Mvishe Kofia, Ajulikane ni Wetu

Nimeambiwa tena wiki hii, "mvishe kofia, ajulikane ni wetu," na safari hii sinyamazi. Tangu mwandishi Abdulrazak Gurnah apewe Nobel ya Fasihi mwaka 2021, kila anayekuja kwangu Mji Mkongwe kutaka nimchoree Gurnah kwa rangi za mafuta anataka na kofia ya viua, kanzu, na mlango wa nakshi nyuma yake. Eti bila hivyo hatokuwa Mzanzibari.

Gurnah alizaliwa Unguja 1948, akaondoka kijana baada ya Mapinduzi, akasomesha Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, mpaka akastaafu. Ugeni huo ndio alioutungia riwaya. Nikimvua koti nikamvisha kanzu, nimemfutia nusu ya umri wake ili mteja afurahi! Mshairi Haji Gora Haji wa Tumbatu namchora na kofia kwa sababu mwenyewe alikuwa akiivaa. Basi.

Kwao mtu kunaonekana kwenye mwangaza. Jua la adhuhuri hapa linapiga utosini, macho yanazama kivulini. Lakini ingia kwenye vichochoro vyetu: jua linagonga ukuta wa chokaa, linarudi kutoka ubavuni na chini, kidevu na shavu vinapata wekundu laini. Picha ya kamera yenye taa inaufuta wote huo, uso unabaki bapa. Ndiyo maana anayeniletea picha ya simu akasema "nakili tu" ananikera. Rangi nyeusi ya kopo siitii kwenye ngozi hata kidogo, inaiua. Kivuli nakipata kwa kahawia na buluu, kisha chini ya taya napitisha njano ya udongo, nyembamba. Hapo Gurnah na koti lake na ndevu zake za mvi anakuwa amesimama Unguja, na kofia haihitajiki.

Kwa Kamange, mshairi wa zamani wa Pemba, nina shaka kweli. Sijapata kuona picha yake, nami natakiwa nimtie ukutani skuli. Nikimtafuta mzee yeyote wa Wete nikamchora, watoto watakua wakiamini ndiye, na sura hiyo haitofutika tena. Wako pia wanaosema kiumbe asichorwe kabisa, nawaheshimu. Kwa hivyo anayemtaka Kamange namwandikia beti zake kwa hati za Kiarabu, kubwa, ukuta mzima. Baadhi ya walimu hawaridhiki, wanasema mtoto anataka uso wa kuutazama, na hoja hiyo sijapata jawabu yake.