Kihispania sio salsa, jamani: kisa cha 97.9 Los Angeles

Wiki hii tena. Nimeweka banda ya Sinaloa, muziki wa matarumbeta wa Mexico, kwenye kipindi cha usiku, msikilizaji ananiandikia "prizenta umepotea leo, tumeomba Kihispania unatuletea matarumbeta ya harusi". Huyo namsamehe, katania vizuri. Nisiyemsamehe ni mtu wa redio mwenzangu aliyedakia kwamba stesheni za Kihispania kule Marekani zinapiga salsa tu ndo maana hazikui. Sentensi moja, makosa mawili, halafu anasema kwa kujiamini!

Najua tulikoitoa hii. Kuanzia 1933 kampuni ya santuri ya HMV walikuwa wanatoa mfululizo wa sahani ulioitwa GV, muziki wa Cuba mwingi mle, zikafika Afrika, Kongo wakazifanyia kazi mpaka ikawa rumba, na sisi huku tukaipokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo sikio letu likisikia Kihispania linasubiri konga. Sawa kabisa. Ila Cuba ni Cuba na Mexico ni Mexico.

Sasa chukua 97.9 FM. New York hapo kuna WSKQ, La Mega. Los Angeles hapohapo kuna KLAX. (Herufi ya kwanza ya jina la stesheni kule, kwa kawaida W ni mashariki ya mto Mississippi, K ni magharibi, tusonge.) Kampuni ni moja, Spanish Broadcasting System, namba ileile, lugha ileile. Lakini ile ya New York ilijijengea jina kwa salsa, merengue na bachata, maana wasikilizaji wake ni Wapuerto Rico na Wadominika, wakati Los Angeles ukipiga salsa saa nzima mfululizo umewafukuza watu mwenyewe, kwa sababu wengi kule kwao ni Mexico, majimbo ya Jalisco, Michoacán, Zacatecas. Tajiri anajua hilo kuliko mimi na wewe, hela yake iko pale.

Zamani kwenye redio za Marekani Kihispania kilikuwa kinapewa masaa ambayo hayana mnunuzi. Mtangazaji Pedro J. González na kipindi chake Los Madrugadores walikuwa stesheni ya KELW ya Burbank, jirani na Los Angeles, kuanzia saa kumi alfajiri, vibarua wanajiandaa kwenda kazini. Alikuwa anapinga Wamexico kufukuzwa nchini, 1934 akafungwa kwa kesi ya ubakaji ambayo shahidi mkuu alikuja kuukana ushahidi wake, 1940 akatolewa gerezani na kurudishwa Mexico. Hiyo ni posti nzima peke yake, naiacha.

Twende 1992. FM ya Kihispania Los Angeles wakati huo maana yake balada, nyimbo za mapenzi laini, kinara ni KLVE 107.5. Hesabu ya mameneja ilikuwa rahisi: tafuta muziki ambao hakuna Mlatini atakayeuchukia, mweke mtangazaji mwenye lafudhi isiyojulikana ametoka wapi, basi umewapata wote. Agosti mwaka huo KSKQ-FM ikabadilishwa jina ikawa KLAX, La X, ikaja na ranchera, nyimbo za mashambani za Mexico, na banda, na asubuhi wakakaa Juan Carlos Hidalgo na El Peladillo wanaongea kama watu wa shamba wanavyoongea. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa namba moja. Sio namba moja ya Kihispania, hapana, namba moja ya jiji lote na za Kiingereza zote zikiwa nyuma yake.

Na ile banda, naomba hapa mnisikilize vizuri. Banda ya Sinaloa ni kundi la kupuliza: klarineti, tarumbeta, tromboni, tuba ndo besi, halafu tambora, ngoma kubwa yenye tasa juu yake. Mapigo yake ni polka ya mbili na waltz ya tatu, mambo yaliyovuka na wahamiaji wa Ulaya karne ya 19. Klave, lile pigo la vijiti la salsa, hutaikuta. Piano ya montuno, ile ya kurudiarudia ya salsa, hutaikuta. Norteño, muziki wa kaskazini mwa Mexico, nayo ni kodiani na gitaa la bajo sexto, usiichanganye na banda, watakucheka. Ile iliyolipuka 1992 ilikuwa teknobanda ya kina Banda Machos: wametoa tuba wakaweka gitaa la besi, wakaongeza kinanda cha umeme, spidi juu, vijana wakaicheza kwa mtindo wa quebradita, wamevaa kofia na mabuti. Wazee wa tuba waliiona ni uhuni. Kwa hiyo hata ndani ya "muziki wa Kimexico" kuna ugomvi, sasa wewe unaniwekea folda moja kwenye kompyuta ya studio umeandika LATINO, salsa na tambora humohumo! Nimezitenganisha, mtu karudisha.

Sasa niseme ambalo vitabu vya redio havipendi kulisema. Namba za wakati ule zilitoka kwenye daftari la Arbitron, kampuni ya kupima wasikilizaji, mtu anaandika wiki nzima, Alhamisi mpaka Jumatano, alisikiliza nini na saa ngapi. Ukisikiliza dakika tano ndani ya robo saa, robo saa nzima inahesabiwa. Kwa hiyo namba moja sio lazima iwe na watu wengi kuliko wote, inaweza kuwa na watu wachache kidogo wasiozima kabisa, redio iko jikoni kwenye mgahawa, iko kiwandani, asubuhi mpaka jioni. Mimi naona KLAX ilibebwa sana na hilo. Na mtu anayeipenda stesheni yake ataiandika hata saa alizokuwa amelala, tusidanganyane. Ushindi naukubali, desimali zake siziapii.

Kuna kitu kingine kinanisumbua kwenye hoja yangu mwenyewe, kwamba msikilizaji anataka muziki na sauti ya kwao. Machi 25, 2006 watu laki tano kwa makadirio ya polisi waliingia barabarani Los Angeles kupinga muswada wa wahamiaji, HR 4437, na watangazaji wa asubuhi ndo waliowaita, wapinzani wa biashara wakikubaliana kuwaambia watu wavae nyeupe na wabebe bendera za Marekani. Piolín wa KSCA 101.9 ni mtu wa Jalisco, sawa, huyo anaingia kwenye hesabu yangu. Ila aliyekuwa ameshika asubuhi ya 97.9 yenyewe, stesheni ya banda, ni El Cucuy, Renán Almendárez Coello. Na huyo ni Mhonduras.