Huanglian haiponyi moyo kwa kufagia tumbo

Wapo wanaoamini kwamba huanglian, mzizi mchungu wa tiba ya jadi ya Kichina, husaidia moyo kwa kuua bakteria wote tumboni. Sivyo. Kiini chake, beberini, hupenya utumbo kwa shida mno. Chini ya asilimia 1 ndiyo hufika kwenye damu. Bakteria wa utumbo ndio huigeuza iwe dihidrobeberini, inayopenya kwa urahisi zaidi, kisha hurudi kuwa beberini. Ukiwamaliza wote, umemfukuza mpishi.

Bakteria wakorofi wapo, kweli: hula kolini ya mayai na kanitini ya nyama nyekundu, na kinachobaki ini hukigeuza kuwa TMAO, kemikali inayohusishwa na maradhi ya mishipa. Mjamzito asiuguse mzizi huu. Mwenye dawa za moyo amuulize daktari kwanza.