Ovaroli Nene, Moto na Maneno ya Karakana

"Ovaroli nene haishiki moto." Katika karakana za kuchomelea vyuma hakuna kauli ninayoisikia mara nyingi kama hiyo, wala inayonitia hofu kama hiyo. Ni kweli unene huchelewesha joto kumfikia mtu, lakini cha kuuliza kwanza ni uzi. Ovaroli nyingi za bei nafuu zimefumwa kwa polista, yaani uzi wa plastiki, na pamba, mara nyingi 65 kwa 35. Polista huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hadi 260 hivi za Selsiasi, na cheche ya kuchomelea huzidi joto hilo mara kadhaa. Pamba inawaka, polista inayeyukia ndani yake, na uji ule wa moto unagandia kwenye ngozi.

Ukiwa na shaka, chomoa uzi mmoja kwenye pindo. Ushike kwa koleo, mbali na mafuta na nguo ulizovaa, kisha uwashie kiberiti. Uzi wa pamba utanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini linalopukutika. Wa polista utajikunja kama unaukimbia moto, utoe moshi mweusi, halafu uache kidonge cheusi, kigumu, kisichopondeka kwa vidole. Jaribio hili litakuonyesha tu kama kuna plastiki. Halithibitishi kwamba nguo imepimwa.

Wapo wanaojibu: basi nitavaa pamba tupu. Pamba haiyeyuki, na kwa hilo inaishinda polista, lakini ikishika moto huendelea kuwaka hadi izimwe. Kazi ya moto inataka pamba iliyotiwa dawa ya kuzuia kuwaka, au nyuzi za aramidi kama Nomex, ambazo zikipigwa na moto hugeuka mkaa badala ya kutiririka.

Hata hizo, "haziungui kabisa" ni uongo unaoua. ISO 11612, kiwango cha kimataifa cha nguo za kukinga joto na moto, hakidai hivyo. Katika kipimo chake cha msingi kitambaa huelekezewa moto mdogo kwa sekunde 10. Moto ukiondolewa, kisiendelee kuwaka zaidi ya sekunde 2, kisitoboke, kisidondoshe matone. Kipimo cha Marekani, NFPA 2112, humvisha sanamu ovaroli na kumzingira kwa miali kwa sekunde 3. Nguo hufaulu iwapo majeraha yanayokadiriwa hayazidi asilimia 50 ya mwili. Nusu ya mwili! Nguo hiyo imeshonwa ili upate nafasi ya kukimbia. Anayekaa ndani ya moto kwa kuiamini amekosea.

Lebo nayo husomwa juujuu. ISO 11611 ni ya wachomeleaji, daraja la 2 likiwa la kazi zenye cheche na joto zaidi. Fundi umeme anayekabili mlipuko wa arki, yaani umeme unaoruka hewani, anahitaji IEC 61482-2. Penye mvuke wa petroli kuna EN 1149-5 ya umeme tuli. ISO 20471, ya nguo za reflekta, inahusu aliyevaa kuonekana tu.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaponza wengi. Kijana anavaa ovaroli iliyopimwa, kisha juu yake anatupia kizibao cha reflekta cha wavu wa polista. Nimeshika kimoja cha namna hiyo baada ya kazi ya siku moja: kilikuwa na matundu mengi madogo, kila tundu limezungukwa na ukingo mgumu wa plastiki. Ndani ya ovaroli huwa kuna jezi ya mpira, polista tupu, imebana kifua. Joto likipenya, jezi ndiyo inayogusana na ngozi. Ndani vaa pamba. Na kama kazi inahitaji reflekta, itafutwe ambayo nayo imepimwa kwa moto.

Kuhusu kufua, watu hudhani nguo safi ni nguo salama. Jiki inaweza kuharibu dawa iliyo kwenye pamba, na dawa za kulainisha nguo huacha utando unaoweza kuwaka. Grisi isiyotoka ni kuni. Mfuko ukichanika, usiupeleke kwa fundi cherehani wa mtaani aliye na uzi wa polista na kipande cha tetroni. Kiraka hicho kitayeyuka kwanza, hata kama ovaroli yote iliyobaki inatimiza kiwango.