Je, wajua kwa nini Alliance ilikaa miaka 36 na maprinsipo wawili tu?

Siku hizi prinsipo akimaliza miaka michache tu shule moja tayari watu wanaulizana anahamishwa lini. Sasa angalia Alliance High School pale mji wa Kikuyu, karibu na Nairobi, ile wenyewe wanaiita Bush. Ilifunguliwa Machi 1926, na mpaka 1962 ilikuwa imeongozwa na watu wawili peke yao, G. A. Grieves miaka 14, halafu Edward Carey Francis miaka 22. Iliwezekanaje?

Angalia nani alikuwa anaajiri. Shule ilianzishwa na muungano wa misheni za Kiprotestanti, wakiwemo Waskoti wa Kikuyu na CMS (Church Missionary Society), misheni ya Waanglikana, ndo maana ikaitwa Alliance, na mmishonari hakuja kwa hesabu za kupanda cheo, alikuja akiamini ameitwa na Mungu, kwa hiyo akishapewa shule anakaa nayo mpaka nguvu ziishe ama misheni imtume kwingine.

Carey Francis ndo mfano wenyewe. Alizaliwa 1897, akawa mwalimu wa hesabu chuo kikuu cha Cambridge, kazi ambayo wengi wangeing'ang'ania mpaka uzeeni, yeye akaiacha, 1928 akaja Maseno, magharibi mwa Kenya, kuongoza shule ya CMS. Oginga Odinga, aliyekuja kuwa makamu wa rais wa kwanza wa Kenya, alisoma huko chini yake. Mwaka 1940 ndo akahamia Kikuyu kuchukua nafasi ya Grieves. Hakuoa, hakuwa na watoto, yaani shule ndo ilikuwa nyumba yake, na alikuwa mkali kwelikweli, vijana walimwogopa na bado wakamheshimu.

Kitu kinachonigusa mimi ni alichofanya baada ya kustaafu 1962. Hakurudi kupumzika Uingereza, alienda Pumwani, Eastlands ya Nairobi, akaendelea kufundisha watoto wa mtaa, na alipofariki 1966 alikuwa bado yuko Kenya.

Lakini tusisifu tu. Eliud Mathu alikuwa kati ya wanafunzi wa mwanzo wa Alliance, akarudi kufundisha hapo hapo, 1944 akawa Mwafrika wa kwanza kuingia Legco, yaani bunge la wakati wa ukoloni, na bado miaka yote hiyo 36 kiti cha prinsipo kilikaliwa na Mzungu. Kwa hiyo huo utulivu wa uongozi tunaoupenda leo ulikuwa pia mlango uliofungwa, na wenye uwezo walikuwa pale pale stafurumu.

Uhuru ulipokuja mambo yakageuka. TSC, tume ya serikali ya walimu, ilianza 1967 ikawa ndo mwajiri wa walimu, halafu Sheria ya Elimu ya 1968 ikazitoa shule za misheni mikononi mwa makanisa, makanisa yakabaki kuwa sponsa, yaani wafadhili tu. Leo kanisa lina sauti kwenye bodi na kwenye ibada, ila barua ya kumleta prinsipo ama kumhamisha inatoka TSC.