Kwenda kliniki ya methadone hakumnyang'anyi mama mtoto wake

Jamani ile meseji inayozunguka kwenye magrupu, eti mama anayetumia unga (heroini) akijiandikisha methadone tu, ile dawa ya kunywa inayosaidia kuacha unga, basi ustawi wa jamii wanakuja kumchukua mtoto, sio kweli na naomba tuache kuiforwadi, kuna mama anajificha ndani na arosto yake, yale maumivu ya kukosa unga, kwa sababu ya hiyo meseji. Hapa Tanzania Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 7, inasema mtoto ana haki ya kuishi na wazazi wake, kumtenganisha nao ni mpaka mahakama iamue kwamba kubaki nao kutamdhuru au si kwa maslahi yake. Ipo mtandaoni, isome, au muulize afisa ustawi wa jamii wa eneo lenu.

Wanaochanganya nawaelewa. Kliniki za methadone zina maafisa ustawi humohumo, mama akimwona na faili anajua kwisha habari, kumbe anaulizwa mtoto amekula nini na anabaki na nani asubuhi yeye akija kunywa dozi mbele ya nesi.

Na mjamzito asiache ghafla, ni hatari kwa mimba, aendelee na methadone chini ya daktari, na akijifungua wengi wao wananyonyesha vizuri tu.