Maji yaliyotoka rangi si lazima yawe safi

Wengi wetu tumeamini tangu zamani kwamba maji machafu ya kiwanda cha nguo yakishatoka rangi, yamekuwa salama. Sivyo, na bakteria wenyewe wanatuonyesha kwa nini.

Rangi nyingi za nguo ni za kundi la azo: kiini chake ni atomu mbili za naitrojeni zilizoshikana. Tia bakteria wanaofaa katika chupa ya maji mekundu, kisha ifunge hewa isiingie. Vimeng'enya vyao hukata kifungo hicho, wekundu unafifia, mwishowe unaona hadi upande wa pili wa chupa. Lakini vipande bado vimo majini. Vinaitwa amini, havina rangi, na baadhi ni sumu kuliko rangi yenyewe. Congo red, rangi nyekundu ya azo iliyotiwa kwenye pamba tangu karne ya 19, ikikatwa hivyo huacha benzidini, amini inayosababisha saratani ya kibofu cha mkojo. Hapa ndipo macho yanapotudanganya vibaya.

Ndiyo maana mtambo mzuri wa kusafisha maji haya una hatua ya pili: maji hupulizwa hewa, na bakteria wanaotumia oksijeni hula nyingi kati ya amini hizo.