Raketloni: kabla ya kujiita chama cha taifa

Maombi ya kuunda vyama vya raketloni yameanza kuingia ofisini, na mengi yana kasoro ileile. Watu wachache wenye raketi wanakutana Tabora mjini Jumamosi, Jumatatu inaletwa barua yenye kichwa "Chama cha Taifa". Nia ni njema. Utaratibu hauko hivyo.

Mchezo wenyewe ni mpira wa meza, vinyoya (badminton), skwoshi na tenisi, kwa mpangilio huo, seti moja moja hadi pointi 21. Mshindi hupatikana kwa jumla ya pointi, si kwa idadi ya seti. Aliyeshinda 21–18, 21–19 na 21–17, kisha akalala 3–21 kwenye tenisi, amepoteza kwa 66 dhidi ya 75. Hakuonewa, na barua ya malalamiko haitabadili hesabu. Jumla zikilingana, huchezwa pointi moja tu ya tenisi.

Usajili uko chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967. Anzeni na klabu, kupitia Afisa Michezo wa halmashauri yenu: wa Nzega Nzega, wa Urambo Urambo. Kuruka ngazi hakuharakishi chochote. Jalada hurudishwa lilikotoka.

Kinachokwamisha zaidi ni muhtasari wa mkutano. Unasema wajumbe 23 walipitisha katiba, karatasi ya mahudhurio ina saini 14, na saini tatu kati ya hizo zina mwandiko mmoja. Andikeni tarehe, mahali, ajenda, akidi, majina kamili, kura za kila nafasi, kisha mwenyekiti na katibu wasaini kila ukurasa. Katiba nayo isinakiliwe kwa klabu ya soka. Tunaona katiba za raketi zenye kifungu cha kocha wa makipa. Iseme wazi nani ni mwanachama, uongozi unakaa muda gani, nani anaitisha mkutano mkuu katibu akigoma, migogoro inaamuliwa wapi, na mali inakwenda wapi chama kikivunjika.

Kuna kifungu ambacho wengi hawakifikirii kabisa. Tenisi, vinyoya, skwoshi na mpira wa meza kila mmoja una uongozi wake. Chama cha raketloni hakiwi bosi wao. Kwa hiyo katiba ieleze mchezaji aliyefungiwa na chama cha tenisi atatendewaje kwenu, waamuzi watatoka wapi, na kalenda zitaoanishwa vipi ili mashindano yasigongane.

Fedha: namba ya simu ya mweka hazina si akaunti ya chama, hata kama ni mwaminifu kiasi gani. Fungueni akaunti ya benki kwa jina lililo kwenye hati ya usajili, iwe na watia saini watatu, wawili kati yao watoshe kutoa fedha. Kila ada ikatiwe stakabadhi, na hesabu zisomwe mkutano mkuu. Ada za Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo. Hapokei mtu mkononi.

Kusafiri na timu nje kwa jina la Tanzania bila kibali cha Baraza ni kosa, na mwaliko kutoka shirikisho la kimataifa si kibali. Chama kinachokiuka, kisichofanya uchaguzi au kisichowasilisha taarifa kinaweza kufutiwa usajili, na viongozi wake kuchukuliwa hatua. Ombeni mapema, kibali hakitoki siku ya safari.

Na msitangaze "ubingwa" kabla ya kupata kiwanja cha skwoshi: mita 9.75 kwa 6.40, kuta nne, sakafu isiyoteleza. Ukuta wa darasa hautoshi. Bila hicho, andaeni bonanza la raketi tatu na mliite hivyo kwenye tangazo na kwenye barua ya kuomba kibali, maana barua ikisema jambo moja na bango jingine, tunarudisha vyote viwili.